Steringi Hafi

Steringi hafi. Hakuna aliyeketishwa akafundishwa kanuni hii, lakini kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua. Mtoto anaingia kwa mara ya kwanza, anabanana na wenzake kwenye benchi, joto la watu linamkaba koo, na filamu haijafika katikati steringi ameshatumbukia mtoni na risasi zinapiga maji pale alipozama. Mtoto anafumba macho. Ndipo kaka mmoja aliyekaa nyuma anamtuliza kwa sauti ya mtu mwenye hakika: usiogope dogo, steringi hafi. Na kweli, dakika mbili baadaye maji yanapasuka, kichwa kinaibuka, kibanda kizima kinalipuka kwa kelele. Nimeibeba hakika hiyo maisha yangu yote. Nadhani wengi wetu tumeibeba hata nje ya vibanda, tukaenda nayo hospitalini na kwenye foleni za vipimo, tukiamini kwamba tunayempenda ndiye steringi wa hadithi yetu, na kwa hiyo hawezi kutuacha kabla ya mwisho.

Novemba 2022 nilikwenda ukumbini kutazama *Black Panther: Wakanda Forever*, sehemu ya pili ya hadithi ya nchi ya kubuni iliyojificha ndani ya Afrika, isiyowahi kutawaliwa na mgeni, yenye madini ambayo dunia nzima inayatolea udenda. Filamu inaanza skrini ikiwa giza. Inasikika sauti ya Shuri, dada yake mfalme, akimwomba mungu wao Bast ampe muda amponye kaka yake. Kisha tunamwona maabara, akihangaika kuunda upya ule mmea wenye umbo la moyo ulioteketezwa katika filamu ya kwanza. Mikono inakimbia, macho hayatulii. Anaingia mama yake, Malkia Ramonda, na huhitaji kusikia neno ili ujue. Namna anavyotembea inatosha. Aliyewahi kusubiri kwenye korido ya hospitali anaijua hatua ile, hatua ya mtu mzima aliyebeba habari, asiyeharakisha kwa kuwa hakuna tena kitu cha kuwahi. Yanafuata mazishi. Umati umevaa nyeupe tupu, ngoma zinalia, watu wanacheza huku machozi yanawatoka, jeneza linapita katikati yao hadi linanyanyuliwa juu, taratibu, na kumezwa na chombo kinachosubiri angani. Halafu inakuja nembo ya kampuni ya filamu, ile ambayo miaka yote huingia na muziki wa kishindo. Safari hii picha zote zilizopita ndani ya herufi zilikuwa za mtu mmoja, na muziki haukuwepo.

Kibandani kimya hakiruhusiwi. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wasimulizi wa filamu, walijenga sanaa nzima juu ya kutoiacha hata sekunde moja ipite bila neno: steringi akinyamaza wao wanamsemea, farasi akikohoa wao wanaeleza sababu. Naipenda sana sanaa hiyo, na siku ile nilijiuliza wangeweka nini kwenye pengo lile. Sidhani kama kuna neno lingekaa. Jirani yangu aliacha kutafuna bisi, mkono ukabaki ndani ya mfuko. Ukumbi uliokuwa na watoto, wapenzi na vijana waliokuja kushangilia ulinyamaza kama watu wanavyonyamaza maiti inapopitishwa barabarani.

Maana aliyekufa hakuwa Mfalme T'Challa peke yake. Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Ugonjwa ulikuwa umegunduliwa mwaka 2016, ukiwa hatua ya tatu, na yeye akaufungia kifuani. Filamu ya kwanza iliyotoka mwaka 2018 aliicheza akiwa mgonjwa. Ile miruko, ule mpambano kwenye maporomoko ya maji, ule utulivu wa kifalme uliowafanya watoto weusi duniani kote wakunje mikono kifuani mbele ya kioo, vyote vilitoka kwenye mwili uliokuwa unapita katikati ya upasuaji na dawa kali. Tukiirudia leo tunamchungulia usoni kutafuta dalili, na hatuzioni. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikivalia vazi la mfalme.

Tena alikufa mwaka ule wa korona. Katika nchi nyingi watu walizikwa wakisindikizwa na wachache, wana wakaaga baba zao kwenye skrini ya simu, na hata mkono wa pole, kitu tunachompa mfiwa hata kama hatuna kingine, ukawa unaogopwa. Misiba mingi ya mwaka 2020 haikukaliwa. Iliahirishwa, ikawekwa mahali fulani ndani ya watu. Naamini ndiyo sababu mazishi ya mfalme wa kubuni, wa nchi isiyokuwepo, yaliwaliza watu wazima ukumbini. Walipewa ngoma, nguo nyeupe na umati, vitu walivyonyimwa, na kila mmoja akamwekea mtu wake kwenye lile jeneza.

Kwa hilo naishukuru filamu hii, na shukrani yangu haina shaka ndani yake. Shaka inaanza baadaye.

Sisi wa Uswahilini tuna shujaa wetu aliyekataa kulala. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913, hakuumizwa na mkuki wala mshale. Palihitajika sindano ya shaba kitovuni, na palihitajika mwanawe mwenyewe aidunge, baba akiwa usingizini. Liyongo akaamka na jeraha, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, akafa hapo hapo katika umbo la mtu anayelenga. Watu wakaogopa. Kila aliyekuja na mtungi aligeukia njiani. Mji ukashikwa na kiu, siku zikapita, hadi wakamwendea mama yake: ni yeye tu anayeweza kusema na mwanawe. Mama akaja akambembeleza, akamsifu, akamsihi apoze hasira. Liyongo hakujibu. Mwili ulipoanguka wenyewe ndipo watu walipojua kwamba muda wote ule walikuwa wanaogopa maiti.

Nilikumbuka habari hii nikiwa bado kwenye kiti. T'Challa wa filamu ya kwanza alifia kwenye goti, upinde mkononi. Ryan Coogler, mwongozaji, alikuwa tayari ana muswada uliomtegemea Boseman, akalazimika kuuweka kando na kuandika upya. Kisima kina maji, mji una kiu, na hakuna anayethubutu kumsogelea aliyepiga goti pale. Filamu nzima ni watu waliosimama mbali na mitungi yao wakishauriana. Na kwa mara nyingine tena anayetumwa ni mama. Angela Bassett, katika nafasi ya Ramonda, anabeba zigo hilo kwa namna ambayo sitaisahau: mwanamke aliyefiwa na mume, akafiwa na mwana, anayetakiwa kukaa mbele ya mabalozi wa mataifa jijini Geneva na kuwaonyesha kwamba nchi yake haijawa mjane. Wafaransa wanalalamika kuwa Wakanda haigawi madini yake. Mlango unafunguliwa, na askari wanawake wa Wakanda wanawaleta na kuwapigisha magoti wale wale waliotumwa kuyaiba nchini Mali. Ukumbi ulishangilia. Mimi pia nilishangilia.

Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 12. Tulipokuwa tunashuka ngazi aliniuliza, "Mama mdogo, kwa nini wasingemtafuta mtu mwingine tu, akavaa ile nguo, hadithi ikaendelea?" Swali lake wameliuliza wengi, wakiwamo watu wazima wenye hoja nzito: kwamba mhusika ni mkubwa kuliko mwigizaji, kwamba watoto walistahili kumwona mfalme wao akizeeka, kwamba kumzika T'Challa pamoja na Boseman ni kuwazika wawili katika kaburi la mmoja. Nawaelewa. Lakini fikiri ingekuwaje. Sura nyingine, sauti nyingine, watu wakimwita jina lile lile na kuendelea na chakula. Kuna nyumba ambazo baba akifa, kabla ya arobaini mtu mwingine amekalia kiti chake, na watoto wanaambiwa mwamkieni. Nilimwambia binti kwamba kaka yake Shuri alikuwa amekufa kweli, na kwamba wenzake kazini walikuwa wanalia kweli. Alitafakari kidogo, akasema, "Basi wangelia zaidi." Amelala na jibu hilo, na mimi sijapata lililo bora zaidi.

Kwa sababu ni kweli: walilia kidogo. Kuna mahali katika filamu, mwaka mmoja baada ya mazishi, Ramonda anampeleka binti yake kandokando ya mto, mbali na mji, ili wachome nguo za msiba. Kwa lugha yetu, anataka kuanua matanga. Shuri hawezi. Anaogopa kwamba akikaa kimya na kumfikiria kaka yake atawaka kwa hasira na kuichoma dunia nzima pamoja na nguo. Mama anamsikiliza. Usiku umetulia, moto mdogo uko katikati yao, wanawake wawili wanatafuta njia ya kuendelea kuishi, na mimi niliyekuwa natazama nilikuwa tayari kubaki pale muda wote uliosalia. Ghafla maji yanapasuka, na anaibuka mtu mwenye mabawa miguuni. Vita vimefika. Moto umeachwa na tanga halijaanuliwa.

Mgeni huyo ni Namor, mfalme wa Talokan, mji ulio chini ya bahari. Nitasema bila kusita kwamba habari yake ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ya filamu hii. Watu wake walikuwa Wamaya wa Yucatán. Wahispania walipofika karne ya 16 na ndui, walikula mmea uliowafanya wapumue majini, wakaiacha nchi kavu kwa wauaji wao. Mama yake Namor alizeeka baharini akiililia ardhi, akaomba azikwe huko. Mwana akampeleka. Akakuta ardhi ya mama yake imegeuzwa shamba, watu wanachapwa viboko mashambani, naye akaiteketeza mbele ya kaburi lililokuwa bado bichi. Chuki yake ya miaka mia nne ilizaliwa mazikoni. Kwa hiyo tunao wafiwa wawili, Shuri na Namor, na mataifa mawili yaliyojificha kutokana na adui mmoja, kila moja likilinda madini yale yale. Nilijiambia: sasa hawa watakaa chini. Msiba utawatambulisha, kama unavyowatambulisha majirani wasiosalimiana pale turubai linapofungwa.

Hawakukaa. Wamarekani wanatafuta madini chini ya bahari kwa mtambo uliobuniwa na mwanafunzi wa kike, Riri Williams, Namor anataka auawe, Wakanda inamlinda, mji wa Wakanda unagharikishwa, Ramonda anakufa maji akimwokoa msichana huyo. Shuri hatimaye anauunda upya ule mmea, anakunywa dawa yake ili aende kwa wahenga, na anayemkuta kule si mama wala kaka. Anamkuta Killmonger, binamu aliyekufa na hasira yake, amekalia kiti cha enzi, akimuuliza anataka nini. Ni dakika chache tu, na ni za kweli kuliko mapigano yote yanayofuata: katika ukoo tunarithi pia waliokufa bila kusamehe, na siku ya uchungu wao ndio wanaotangulia kuitika.

Kisha meli, mikuki, na maji. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Anayewinda madini amekaa ofisini kwake anasubiri, huku Waafrika na Wamaya wanauana baharini kwa niaba yake bila hata kutumwa. Niliumia kuona kwamba mabingwa wa kutunga ndoto, wakiwa na fedha na vipaji vyote vile, walipopewa nafasi ya kuwakutanisha watu waliojeruhiwa na dunia moja, hawakuona njia ila kuwapiganisha. Hata lugha ilinihuzunisha. Kwenye mji wa Wakanda kinasemwa Kixhosa, lugha iliyoingizwa kwa ushawishi wa mwigizaji mzee John Kani wa Afrika Kusini. Chini ya bahari kinasemwa Kimaya cha Yucatán. Na malkia na mfalme walipokutana kando ya mto ilibidi wazungumze Kiingereza.

Halafu waliokufa. Naomba msomaji atakayeirudia filamu hii ahesabu katika mapigano ya mwisho ni wangapi wanaporomoka kutoka ubavuni mwa meli ile na kupotelea majini. Hakuna aliyewavalia nyeupe, hakuna ngoma, hakuna jina. Filamu iliyotumia dakika zake za mwanzo kutufundisha uzito wa kifo kimoja ilimaliza kwa kutupa miili kama mapambo ya vurugu. Na bahari yenyewe ni Atlantiki. Zaidi ya Waafrika milioni 12 walipakiwa kuvuka bahari hiyo utumwani, na karibu milioni 2 kati yao hawakufika. Walitupwa humo humo. Anayechagua kuwaangusha watu weusi kutoka melini ndani ya Atlantiki ameshika kitu kizito sana, na alipaswa kusimama japo kidogo aseme anajua alichoshika.

Kufa kufaana, wahenga walisema, na haijawahi kuwa methali ya kupendeza. Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na ya pili ikapita milioni 850. Kwetu mtu akiingia msibani anatoa rambirambi, fedha inakwenda kwa wafiwa, inanunua sukari na mchele, inalipa gari la kubeba maiti. Sisi tulitoa kiingilio. Najua kwamba Coogler na waigizaji wake walilia machozi yao wenyewe, na sitamnyang'anya mtu yeyote huzuni yake. Lakini biashara ile inahitaji mapigano kila baada ya dakika kadhaa, nami naamini ndiyo iliyousogelea ule moto mdogo kandokando ya mto na kuumwagia maji.

Na bado nilitoka ukumbini nikiwa nimejaa. Siwezi kuwadhulumu walionijaza. Ruth Carter alipata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ya kwanza na akaipata tena kwa haya, na unaona sababu kila taji la Ramonda linapoingia kabla ya uso wake. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, amesimama kati ya walinzi wa malkia kwa namna inayokufanya ukae vizuri kwenye kiti. Lupita Nyong'o ndiye Nakia, mpenzi wa T'Challa, na ndiye anayetumwa kwenda Mexico kutafuta njia ya kufika Talokan. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, kwa wazazi Wakenya, akakulia Kenya. Filamu ya kwanza ilipozinduliwa Kisumu mwezi wa Februari 2018, mji wa ukoo wake ulifurika. Nilipomwona kwenye nchi aliyozaliwa akiulizia habari za watu wa majini, nilihisi nimepata mtu mmoja katika hadithi nzima ambaye nchi zote mbili ni kwao. Hadithi ilikuwa na mpatanishi ndani ya nyumba, ikamtumia kama mpelelezi.

Mwishoni Shuri anamwacha Namor hai, halafu anasafiri kwenda Haiti. Anakaa ufukweni, anawasha moto, na hatimaye nguo ya msiba inaungua. Nakia anamletea mtoto wa kiume. Ni mwana wa T'Challa, aliyezaliwa kimya na kulelewa mbali na kiti cha enzi, na jina wanalomwita huko ni Toussaint.

Jina hilo halikuokotwa. Toussaint Louverture aliongoza watumwa wa kisiwa kile dhidi ya majeshi ya Ulaya, akafia gerezani Ufaransa mwaka 1803, na mwaka uliofuata, 1804, Haiti ikawa nchi huru ya watu weusi. Wakanda ni ndoto ya nchi ambayo mkoloni hakuiona. Haiti ni nchi ambayo mkoloni aliiona, akaikalia, akaipigania, akashindwa, halafu mwaka 1825 akarudi na manowari kudai alipwe faranga milioni 150 kwa mali aliyopoteza, mali hiyo ikiwa ni pamoja na miili ya watu wenyewe. Deni lilipunguzwa baadaye kuwa milioni 90, na mikopo iliyokopwa ili kulilipa ilimalizika mwaka 1947. Wajukuu wa vitukuu vya waliojikomboa waliendelea kulipia uhuru wao, huku shule na barabara za Ufaransa zikijengwa. Hapo ndipo Coogler alipomficha mtoto wa mfalme, na naliona ni jambo la ujasiri kuliko mapigano yote ya baharini. Amemtoa katika nchi isiyojua kushindwa, akampeleka akakulie kwa watu waliolipa.

Dakika hizo ni chache, zinakuja wakati baadhi ya watazamaji wameshasimama kutafuta simu na funguo. Kwangu ndiyo filamu niliyokuwa nimekuja kuiona. Ikitengenezwa sehemu ya tatu nitakata tiketi, na binti atataka twende wote. Ningependa kujua Toussaint anafundishwa nini kuhusu mwaka 1804 katika shule anayoiongoza mama yake huko Haiti, rafiki zake ni akina nani, anamwambia nani kwamba baba yake alikuwa mfalme, na kama siku watakapokuja kumchukua atataka kwenda. Ningeyatazama hayo saa tatu nzima bila mkuki hata mmoja kurushwa.